Uzoefu wangu: mkutano wa wiki wa klabu ya huduma Mbeya, na somo la mnyauko wa viazi

Anayefikiria kwenda kama mgeni, namwambia aende, ila kwanza aulize mzungumzaji wa wiki hiyo ni nani. Ratiba ya mwezi anayo katibu wa klabu. Mtumie ujumbe siku moja kabla ili sahani yako ihesabiwe, maana hoteli inapika kwa idadi. Ukitokea bila taarifa hufukuzwi, lakini utaramba sufuria. Chakula unalipia mwenyewe, isipokuwa aliyekualika ameshasema atakulipia.

Kikao ni cha saa moja: kengele, wimbo wa taifa, utambulisho wa wageni, taarifa za rais wa klabu, faini, mzungumzaji, maswali, kengele tena. Ni mtindo wa klabu nyingi za huduma, yaani klabu za watu wanaojitolea kwa miradi ya jamii, kama Rotary, ambayo Paul Harris na wenzake waliianzisha kule Chicago mwaka 1905. Faini zinawashangaza wageni wengi. Sajenti, mwanachama anayesimamia utaratibu wa kikao, anapita na kopo: umechelewa, simu imeita, umesahau pini ya klabu, umepata mjukuu, vyote unatoa. Ni utani, na fedha zinakwenda kwenye miradi. Beba noti za elfu moja moja na mbili mbili, kwa sababu ukitoa ya 10,000 chenji utaisikia kwenye bomba.

Kasoro kubwa iko kwenye muda. Kwenye karatasi mzungumzaji ana dakika 20, lakini salamu za itifaki zinakula tano, faini zinazidi, na kompyuta ikigoma kuongea na projekta basi zimebaki kumi. Mzungumzaji akija na slaidi 40 ataishia katikati. Mwenye kualika amwambie mapema aje na kitu cha kushika mkononi, asitegemee umeme.

Wiki ya viazi ilikuwa hivyo, ndiyo maana naisifia. Mgeni, mtaalamu wa kilimo, alikuja na glasi ya maji safi na shina la kiazi lililonyauka. Alikata kipande kifupi karibu na ardhi, akakining'iniza ncha ikigusa maji tu, bila kutikisa. Dakika chache hazijaisha, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka polepole kutoka kwenye mkato. Hiyo ndiyo alama ya mnyauko bakteria. Shina lililonyauka kwa ukame au kwa kuliwa na wadudu halitoi uzi.

Kipimo hiki kina faida kubwa kwetu, kwa sababu mkulima wa milima ya Uporoto akiona shamba limelegea mchana majani yakiwa bado mabichi, hukimbilia dawa ya ukungu. Dawa hiyo ni ya baka jani, inayoacha madoa meusi kwenye majani. Mnyauko bakteria hauna dawa ya kupuliza. Unakuja na mbegu, udongo, maji yanayotiririka na jembe lisilooshwa. Ukijitokeza, ng'oa shina pamoja na viazi vyake na udongo unaovizunguka, utoe nje ya shamba, usitupe mtaroni. Msimu unaofuata panda mahindi au ngano. Nyanya, bilinganya, hoho na tumbaku hapana, ni ndugu wa kiazi na zinabeba ugonjwa huohuo.

Jambo lililoamsha maswali ni mbegu ya milimani. Kwenye baridi kiazi kinaweza kubeba bakteria bila kuonyesha dalili, kikashuka kwenye joto ndipo kikanyauka. Kwa hiyo kukata viazi vichache na kutazama kama kuna duara la kahawia au usaha ni lazima, ila kutouona si hakikisho. Mbegu ya kuaminika ni iliyokaguliwa shambani, na wa kumuuliza kwanza ni kituo cha Uyole cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania. Rais alipogonga kengele, mikono mitatu bado ilikuwa juu, na hapo ndipo niliwanyima nyota ya tano.

Nawapa nne. Wakikushawishi kujiunga, uliza ada kabla ya kujaza fomu. Kwa Rotary na Lions, sehemu inayokwenda makao makuu Marekani hupangwa kwa dola, na mwaka wao huanza Julai 1, hivyo anayeingia katikati aulize analipa kiasi gani kwa miezi iliyobaki.