TAHADHARI: "Mthamini" wa michoro anayezunguka Dodoma. Usimpe ubao wako wa mchoro aondoke nao!

Wadau, yule bwana wa glavu nyeupe aliyekuwa anakaribishwa kama mgeni rasmi kila nyumba yenye mchoro wa Tingatinga ukutani, kuanzia Area C hadi Kisasa, ni MWIZI. Aibu ndiyo iliyochelewesha tangazo hili. Mzee wetu (mnamjua, na ubao wenyewe mnaujua) si mtu wa kuchezewa na matapeli wa mjini. Kachezewa, tena sebuleni kwake mwenyewe.

Msimcheke kabla ya kusikia jamaa alivyoingia. Shikamoo ya heshima, viatu kavua mlangoni, soda kaikataa akisema mikono yenye maji haishiki kazi ya sanaa. Ubao ulipoteremshwa hakuangalia picha. Aliugeuza. Hapo ndipo mzee alipolegea, maana anayejua michoro huanzia mgongoni. Akamulika kurunzi kwa ubavu, akaonyesha alama za wavu nyuma ya hadibodi, akaeleza kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 kwa rangi za mafuta zile za kupaka baiskeli, na kwamba alikufa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972, kwa hiyo kazi za mkono wake ni za miaka minne tu na nyingi zenye jina hilo ni za wanafunzi na waigaji. Yote kweli! Tapeli aliyesoma ni balaa kuliko tapeli mjinga.

Kisha akanyamaza, akapima kwa futi, akaandika, akanyamaza tena. Akataja milioni 24. Ada yake asilimia 5, yaani 1,200,000, "kwa sababu ni wewe, mzee wangu". Fedha ikatumwa kwa simu palepale, na jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake. Akasema ni la mhasibu wa ofisi. Akaomba ubao uende "maabara" Dar kuthibitishwa rangi. Akaufunga kwa blanketi mbele ya familia, akaandika karatasi ya mapokezi: "Mchoro mmoja, ndege wawili". Basi! Hakuna vipimo, hakuna picha, hakuna neno kuhusu kona iliyoliwa na mchwa.

Ubao ulirudi na majibu ya masikitiko: maabara imekuta ni nakala, thamani yake laki moja na nusu, na kwa huruma yake yuko tayari kuununua yeye. Huruma ya fisi hiyo.

Kilichorudi si kilichokwenda. Mgongo umepakwa majivu na chai iliyokolea ili uonekane mkuukuu, lakini ukichovya pamba kwenye maji na kusugua, weusi unatoka. Misumari ya kutundikia ina kutu ya rangi ya chungwa, ya chumvi, wakati kutu ya miaka hamsini ni kahawia iliyoiva na imeng'ata hadi kwenye ubao. Rangi bado inanuka tina ya kuyeyushia rangi. Rangi ya mafuta hukauka juu ndani ya siku moja, ila chini hukaa laini kwa wiki nyingi. Bonyeza ukucha pembeni, utaacha alama. Rangi ya zamani haibonyei, hupasuka. Na kona iliyoliwa na mchwa? Imekatwa kwa patasi. Mchwa gani anakata mstari mnyoofu?

Mtu huyu AFUNGWE. Kujipatia mali kwa udanganyifu kupo kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka saba. Gereza la Isanga si mbali, atafika kwa bajaji. Na aliyemchorea hiyo nakala naye ni fundi mzuri wa brashi anayejua anachofanya, asisingizie njaa. Wote wawili!

Dalili zilikuwepo. Ada ya asilimia ndiyo ya kwanza. Mthamini anayelipwa kwa asilimia ana sababu ya kupandisha bei. Marekani kanuni zao za uthamini, USPAP, zinakataza kabisa malipo yanayofuata thamani iliyotajwa. Ada iwe ya saa au ya kazi nzima, ijulikane kabla ya kurunzi kuwashwa. Mthamini anayetaka kununua anachokithamini, mfungulie mlango atoke. Thamani isiyosemwa ni ya nini (bima, mirathi au kuuza) ni namba tupu, kwa sababu bei ya bima ya kukununulia mbadala huwa juu ya bei ya kuuza. Maabara isiyo na jina haipo. Na hata iliyopo huhitaji chembe ya rangi ndogo kuliko kichwa cha pini, haihitaji ubao wako ulale Dar.

Kadi yake ya plastiki isikutishe. Bodi ya Usajili wa Wathamini ipo kwa sheria ya 2016, jina la mtu linaulizwa huko. Na hata aliyesajiliwa, kujua bei ya kiwanja si kujua brashi. Kuna waliodaiwa pia "kibali cha mambo ya kale". Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahusu hasa vitu vya kabla ya 1863 na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Mchoro wa 1970 unaingiaje humo?

Kama kazi lazima itoke nyumbani: pima pande zote nne kwa milimita, upime uzito, piga picha ya mgongo na ya nyufa kwa mwanga wa ubavu, weka alama ya penseli unayoijua wewe tu, na haya yote yaandikwe kwenye karatasi anayosaini.

RB (taarifa ya polisi) tayari imefunguliwa. Namba aliyotumia kupokea fedha imetumwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Tunajua kuna kinyago cha mpingo cha mtu wa Ilazo alichokichukua "kukipima". Ndugu yetu, kikirudi kitie kwenye ndoo ya maji kwa muda mfupi tu: mpingo huzama. Kikielea, umerudishiwa mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu, na uje kituoni leo, usisubiri aibu ikutoke.