Makumbusho ya Efeso, Selçuk: anzeni kwa Artemi, magofu baadaye

Vikundi vya makanisa vinavyokuja Uturuki hupelekwa moja kwa moja kwenye magofu ya Efeso, vinapiga picha mbele ya Maktaba ya Celsus, halafu haoo kwenye basi. Makumbusho yaliyopo mjini Selçuk, kilomita chache tu kutoka hapo, yanarukwa eti muda hautoshi. Mimi ninasoma İzmir, na wageni kutoka nyumbani hunipitia mara kwa mara. Ushauri wangu kwao ni mmoja: anzeni makumbusho.

Mgeni wa mwisho alikuwa shangazi yangu, mzee wa kanisa la Kilutheri (KKKT) kule Machame, Kilimanjaro, ambaye Matendo ya Mitume yako kichwani mwake kama namba ya simu. Tulipanda treni asubuhi stesheni ya Basmane, tukashuka Selçuk, tukatembea kwa miguu. Makumbusho si makubwa. Kwa mwendo wa mtu mzima mnamaliza kabla ya chakula cha mchana. Maelezo ya ukutani ni ya Kituruki na Kiingereza tu, kwa hiyo kama una mzee asiyesoma lugha hizo, wewe ndiye mkalimani. Tiketi yake ni nafuu kabisa ukilinganisha na ya magofu, ambayo kwa mgeni inauma.

Kilichonifanya niandike ni ukumbi wa Artemi, mungu wa kike wa Waefeso wa kale. Sanamu zake za marumaru zilifukuliwa na Waaustria mwaka 1956 kwenye jengo la baraza la mji wa kale. Ile kubwa inakaribia mita tatu na imevaa taji refu lililochongwa kama jengo la ghorofa. Ile ya pili ni ndogo zaidi, karibu kimo cha mtu, na kazi yake ni safi mno: shingoni ina alama za nyota, na sketi yake imegawanywa visanduku vyenye simba, fahali na nyuki. Kifuani zote mbili zimejaa vitu vya duara vinavyoning'inia. Wengine wanasema ni matiti, wengine mayai, wengine korodani za mafahali waliotolewa sadaka. Wataalamu bado wanabishana, na shangazi alinikataza kumtafsiria hiyo ya tatu kwa sauti.

Alisimama mbele ya ile kubwa muda mrefu. Mikono yake imevunjika.

"Huyu ndiye Waefeso waliyempigia kelele saa mbili katika Matendo 19?"

"Ndiye, shangazi."

"Basi ni mzuri. Mimi nilidhani ni kinyago cha kutisha." Kisha akaanza Zaburi ya 115, taratibu, macho yakipanda na kushuka kwenye jiwe: zina vinywa lakini hazisemi, zina macho lakini hazioni. Alipofika kwenye mikono, akanitazama, akacheka.

Hapo ndipo makumbusho yanapolipa nauli yako. Shule ya Jumapili wengi wetu tulifundishwa sanamu kama kitu cha kijinga kinachoabudiwa na watu wajinga. Ukisimama pale unaelewa kwamba Waefeso hawakuwa wajinga. Hekalu la huyu mama lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia, na mji mzima ulikula kupitia yeye. Demetrio mfua fedha, aliyechochea zile ghasia dhidi ya Paulo katika Matendo 19, anaanza na mfuko: faida yetu itapotea. Heshima ya mungu wake inakuja baada ya hapo. Paulo naye alikuwa akiishi katika mji huohuo alipowaandikia Wakorintho, katika barua ya kwanza, kwamba sanamu si kitu katika ulimwengu. Angalia mwisho wa barua, sura ya 16: anasema atakaa Efeso hadi Pentekoste. Kwa hiyo maneno yale hakuyaandika akiwa mbali, penye usalama. Alikuwa anaishi kivulini mwa hekalu lenyewe. Na sura ya 10 ya barua hiyohiyo inaonya kwamba sadaka zile zinawaendea mashetani. Jiwe si kitu, lakini meza iliyo mbele ya jiwe si mchezo. Ndiyo maana kwa Paulo nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu ilikuwa suala zito kuliko sanamu yenyewe.

Usiondoke kabla hujaona sanamu za Kaisari Augusto na mkewe Livia. Baadaye, Wakristo wakishaushika mji, mtu alichukua patasi akawachonga msalaba kwenye paji la uso. Shangazi alifurahi. Mimi nilimkumbusha karani wa mji katika sura ileile ya 19, aliyewatetea wenzake Paulo akisema hawakuiba vya hekaluni wala hawakumtukana mungu wao. Tukabishana hadi mlangoni. Yeye ana Kumbukumbu la Torati 7, inayoamuru sanamu zivunjwe, na Gideoni aliyeivunja madhabahu ya Baali, akaongeza na wale wa Efeso waliochoma vitabu vya uganga vya fedha hamsini elfu. Nikamwambia waliochoma walikuwa wenye vitabu, hakuna aliyeingia nyumba ya jirani na kiberiti. Hakujibu, na kwa shangazi huyo hilo ni jambo la kuandika gazetini.

Sasa mwongozaji. Jina la kampuni silitaji. Tulimpata kwa ajili ya magofu tu, na kuhusu historia yuko vizuri: alituonyesha ukumbi wa michezo wa watu kama 25,000, akatueleza sauti inavyopanda hadi viti vya juu. Lakini pale, mahali penyewe pa ghasia za Demetrio, alitupa dakika chache, kisha tukajikuta kwenye duka la ngozi tunapewa chai ya tufaa na kuonyeshwa makoti. Muda wa makoti ulikuwa mwingi. Kabla ya kulipa mwambieni wazi: hakuna duka. Andikeni kabisa.

Maduka ya langoni nayo ni burudani yake. Artemi yupo wa plastiki, wa shaba, wa kuning'iniza kwenye funguo, amepangwa rafu moja na Bikira Maria, na pembeni kibao kinatangaza saa feki halisi. Muuzaji alimpa shangazi Artemi mdogo mkononi akimsifia bei. Alimrudishia kwa adabu, akamuuliza biashara ikoje. "Mbaya, mama, watalii wamepungua." Akamwombea palepale, Kichaga chote, na yule kijana akasema amina.

Mahali pa hekalu lenyewe hapana kiingilio. Pamebaki nguzo moja iliyounganishwa vipandevipande kwenye bwawa, na korongo wamejenga kiota juu. Dakika kumi zinatosha.

Kwa wenye wazee: ingieni magofu kwa lango la juu mshuke, maana mkianzia chini ni kupanda juani, na kivuli ni cha kutafuta. Viatu vyenye soli ya kushika, kwani marumaru yamelainika kwa karne za miguu. Maji bebeni. Makumbusho nayapa nyota tano. Mwongozaji tatu, na ile ya nne ataipata siku akiacha makoti.