Pesa zangu zilikaa Texas kwa jina lililokosewa

Nawaandikia wenzangu tuliohamahama majimbo huku Marekani, maana hundi imeingia juzi na bado siamini. Dola 412 na senti 60. Dola 248 na senti 10 ni mshahara wangu wa wiki ya mwisho kwenye ghala nililokuwa nikifungasha mizigo Houston mwaka 2017. Zilizobaki ni dipoziti ya umeme ya nyumba tuliyokuwa tumepanga. Miaka yote hiyo mimi nahesabu senti Ohio, kumbe jasho langu liko Texas limetulia.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Mwajiri, benki, kampuni ya umeme au ya bima ikiwa na pesa yako na haikupati, hairuhusiwi kuimeza. Sheria inaipa muda wa kungoja, ukiisha inaipeleka serikali ya jimbo ulikokuwa na anwani ya mwisho. Kwa Texas mshahara unangojewa mwaka 1 tu. Anayezitunza ni Mdhibiti wa Fedha wa jimbo, na tovuti yake ni ClaimItTexas.gov. Kutafuta ni bure, kudai ni bure, na Texas haina siku ya mwisho ya kudai.

Mimi nilikuwa nimeshatafuta zamani, nikaandika jina langu, nikaambiwa hakuna kitu. Nikafunga simu nikaendelea na maisha. Aliyenirudisha ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu, siku moja alipokuja kunywa chai.

"Wifi, uliandikaje jina?"

"Kama lilivyo kwenye pasipoti."

"Basi hukujitafuta. Andika kama walivyolikosea wao."

Nikaenda kutoa kopo la biskuti ninamoweka karatasi za zamani. Ndani nikakuta W-2 ya lile ghala, ile karatasi ya mshahara na kodi ya mwaka anayokupa mwajiri. Mimi naitwa Mwanaisha, na jina la baba ni Hamisi. Kwenye karatasi ile jina la kwanza ni Mwana, Isha limewekwa katikati kama jina jingine, na Hamisi limekuwa Hamsi. Nilikuwa nikipokea mshahara kila wiki mbili kwa jina hilo wala sikuwahi kulitazama vizuri. Tukaandika Hamsi, Mwana. Pale pale ukatokea mstari mmoja wenye anwani yetu ya Houston mpaka nambari ya mlango, 214, chumba ambacho mwanangu alianzia kutembea. Nililia, wifi akanishika bega.

Hatukuishia hapo. Tukajaribu Isha peke yake kama jina la ukoo, tukajaribu Hamis bila i ya mwisho, tukageuza la mbele nyuma. Dipoziti ya umeme tuliikuta imeandikwa Mwanaisha kama jina la ukoo na Hamisi kama jina la kwanza. Majina yetu ya pwani, na ya ndugu zetu Wakongo yenye sehemu tatu nne, makarani wa huku huyakata wanavyoona. Kwa hiyo usiseme huna kitu mpaka uwe umelikosea jina lako kwa kila namna unayoweza kuifikiria.

Kudai kwenyewe si kugumu. Unachagua mstari wako, unajaza fomu, unapewa nambari ya dai, kisha unatuma kitambulisho, nambari ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) na kitu kinachokuunganisha na ile anwani ya zamani. Hapo ndipo W-2 iliponiokoa, kwa sababu ina jina lililokosewa, anwani na nambari yangu, vyote kwenye karatasi moja. Ndugu zangu, msitupe karatasi mnapohama! Picha yangu ya kwanza ilikuwa na ukungu, nikapiga nyingine dirishani mchana. Baada ya wiki saba hundi ikaja kwa posta.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Pesa ndogo huenda hazifiki jimboni kabisa. Texas, pesa inayoshikwa na kaunti, halmashauri ya mji au shule, ikiwa haizidi dola 100, inabaki kwao, na unaidai kwao. Mji tuliomalizia kukaa, nje kidogo ya Houston, una orodha yake kwenye tovuti yake. Nikaisoma mstari kwa mstari, nikakuta dola 38 za dipoziti ya maji. Fomu ilitaka nisaini mbele ya notari, yaani ofisa anayeshuhudia saini. Nilikwenda, nikasaini, nikalipwa. Dola 38 ni unga na mafuta ya wiki nzima nyumbani kwangu, siwezi kuziacha.

Katikati ya haya mtu alinipigia simu, akasema anajua pesa zangu ziliko, nimpe asilimia 30 anifanyie kazi. Sheria ya Texas inamruhusu mtu wa namna hiyo asilimia 10 tu, haizidi. Nikamwambia asante, nimeshafika mwenyewe.

Kwa waliokaa majimbo mengi, MissingMoney.com inatafuta majimbo mengi kwa pamoja, lakini si yote yamo, kwa hiyo ingia pia kwenye tovuti ya kila jimbo ulilowahi kuishi. Unclaimed.org inakuelekeza kwenye tovuti halisi za serikali, usije ukajaza nambari zako kwa matapeli. Nimemwambia pia mdogo wangu Mombasa atafute jina la marehemu baba, maana Kenya nayo ina sheria yake ya 2011 na mamlaka yake, UFAA, kwa kazi hii hii.

Wifi mwenyewe alijifunza haya akitafuta pesa za kaka. Alizikuta zimo, mishahara yake miwili ya mwisho, na hapo jina la ukoo limepungua herufi moja. Kwa marehemu wanataka zaidi: cheti cha kifo na karatasi za kuthibitisha warithi, na ndoa yao ilifungwa Malindi, cheti chake kiko kwa Kiswahili, ikabidi kitafsiriwe. Ameshatuma vyote. Nambari ya dai ameiandika nyuma ya picha ya kaka, na kila Ijumaa baada ya swala tunaiingiza pamoja kwenye tovuti kuangalia dai limefikia wapi.