UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) sio chuo kimoja: rivyu ya mtu aliyekaa pale miaka mitatu

Kila mwaka matokeo ya fomu siksi yakitoka tu simu yangu haipumui, wengine ndugu, wengine watu hata siwajui wamepewa namba na mama, "shikamoo kaka, eti wewe si ulisoma UDOM, vipi pale panafaa?" Mwaka huu nimechoka kurudia maneno yaleyale, nimeamua niandike mara moja, atakayeuliza namtumia hii. Nilianza 2021 nikamaliza 2024, nilikuwa Social, yaani koleji ya sayansi za jamii, kwa hiyo ninayoyajua vizuri ni ya Social, ya koleji nyingine nayajua kwa kutembelea washkaji na kufuata misosi.

Na hapohapo ndo penye jambo ambalo madogo hamuulizi kabisa. Mnauliza UDOM panafaa, mimi nakuuliza UDOM ipi? Pale kuna Social, kuna Education, kuna CIVE ya watu wa kompyuta, kuna watu wa sayansi, watu wa madini na uhandisi, biashara na uchumi, watu wa afya, na kila koleji ina majengo yake, hosteli zake, kafteria yake na tabia zake. (Kwenye karatasi rasmi za Kiswahili koleji inaitwa ndaki, ila sijawahi kusikia mtu anasema ndaki labda wale wa idara ya Kiswahili.) Eneo lote la chuo ni kama hekta 6,000. Sasa we jumlisha mwenyewe. Kuna mtu nilisoma naye Manyoni tangu fomu wani, tukachaguliwa wote UDOM, tukafurahi tutakuwa pamoja, yeye Education mimi Social, semista nzima ya kwanza tulionana mara mbili, na mara moja ni mjini pale Nyerere Square kila mtu na mambo yake.

Niliwahi kualikwa chakula Education na binti wa nyumbani. Nikaangalia, majengo si yale yanaonekana, nikasema natembea. Aisee. Dodoma usiamini macho yako, nchi iko wazi, miti mifupi, kitu kiko mbali kinaonekana kama unakigusa, nilitembea mpaka nikaanza kujuta nikiwa katikati ambapo kurudi ni mbali na kwenda ni mbali, nafika jua limezama, viatu vyeusi vimekuwa vyekundu na binti kashakula kashaosha vyombo. Toka siku hiyo nilikuwa nauliza kwanza bajaji bei gani.

Kwa hiyo kabla hujachagua kozi angalia iko koleji gani, halafu muulize mtu wa koleji hiyo, usiniulize mimi wa Social mambo ya CIVE.

Haya, kuaplai. Zamani watu waliaplai kupitia TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kwenye mfumo mmoja wa pamoja, toka 2017 unaaplai kwenye chuo chenyewe mtandaoni, unafungua akaunti, unalipa ada ya maombi kwa kontro namba, unachagua kozi. Kiwango cha chini cha kuingia digrii kwa mtu wa fomu siksi ni prinsipo mbili (somo ulilofaulu kwa A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kwa hiyo mwenye D mbili anafika mlangoni. Kuingia ndani ni habari nyingine, kozi zinazokimbiliwa watu wanagombania na wenye A zao, na kila kozi ina masomo yake inayoyataka, sio unakuta mtu kombi yake HGL (historia, jiografia na Kiingereza) kajaza kozi ya kompyuta tupu halafu anashangaa kakosa raundi ya kwanza. Wa diploma wanaangaliwa GPA, kuanzia 3.0.

Ninachotaka kusema kwa sauti kubwa ni hiki: jaza mwenyewe. Mimi sikujaza mwenyewe. Sikuwa na simu janja, nikaenda steshenari moja pale nyumbani, jina naliacha maana jamaa bado yupo na mke wake ananisalimia vizuri. Huduma yake kwa kweli nampa nyota moja, na hiyo moja ni ya kiti, kulikuwa na kiti kizuri. Alinijazia kila kitu dakika kumi na tano, mimi nimekaa naangalia feni, akachukua hela yake, akanipa karatasi. Nilichaguliwa vyuo viwili. Sasa ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe unaenda kipi, na kuthibitisha unatumia namba maalumu inayotumwa kwenye simu uliyojaza. Nasubiri meseji, haiji. Siku ya tatu ndo naangalia ile karatasi vizuri, namba ya simu iliyojazwa sio yangu, ni ya kwake! Na emaili ya kwake. Paswedi anaijua yeye.

Nikaenda steshenari, imefungwa. Mkewe ananiambia shemeji yako yuko Itigi msibani, na simu imezima chaji toka jana. Zimebaki siku mbili dirisha lifungwe. Nikapanda basi mpaka Itigi, nikaulizia kwenye msiba, nikaambiwa yuko makaburini, nikamkuta yuko ndani ya kaburi anachimba, kifua wazi, udongo mpaka nywele. Nikampa pole kwa msiba, nikasubiri zamu yake iishe, unamwambiaje mtu aliye kaburini toka kuna meseji yangu. Tukatafuta chaji kwa jirani, meseji ipo, ilishaingia toka siku ya kwanza, katikati ya meseji za bando. Nikaikopi kwenye kiganja kwa kalamu. Halafu akaniomba elfu mbili ya usumbufu! Nikampa, ningefanyaje, na nikala na wali wa msiba.

Kwa hiyo hata kama unaenda steshenari, na wengi tutaenda tu maana sio kila mtu ana kompyuta, kaa pembeni yake, namba ya simu iwe yako au ya mzazi, emaili ifunguliwe ya kwako, paswedi iandike kwenye daftari. Laini hiyo usiibadilishe mpaka umeanza chuo.

Mkopo nao uanze mapema, usisubiri uchaguliwe. Bodi ya Mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, na wa Zanzibar wanahakikiwa kwao huko, kama mzazi kafariki na cheti cha kifo vilevile, unataka mdhamini, ada ya maombi ni 30,000. Na majina. Jamaa mmoja chumbani kwetu cheti cha kuzaliwa kilikuwa na Mohamedi, cha fomu foo Mohamed, hiyo "i" moja ilimpeleka kwa wakili na kurudi. Angalia vyeti vyako leo, sio mwezi wa nane.

Bumu wakati naanza lilikuwa 8,500 kwa siku, hela ya mkopo ya chakula na malazi, mwaka wa masomo 2022/23 likapanda kuwa 10,000. Linakuja kwa mafungu, sio kila siku, na hapo ndo watu wanapotea. Fungu likisoma tu wiki ya kwanza Social yote inanuka kuku, watu wanavaa raba mpya, kufika wiki ya sita unaona mtu mzima na ndevu zake anaulizia kama kuna mtu ana unga. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nanunua mchele na maharage ya miezi miwili naweka chini ya kitanda, walinicheka sana, wiki ya sita walikuwa wanakuja na sahani. Ukiwa huna mkopo kabisa inawezekana pia, niliwaona, wengine waliuza chipsi, wengine kusuka, wengine kuchapa kazi za watu, ila usingizi wao ulikuwa mdogo.

Kusoma kwenyewe sitasema mengi. Maktaba zipo, vimbweta (viti na meza za zege) vipo nje watu wanapiga msuli mpaka usiku, madesa, yaani notsi za zamani, yanazunguka kwa washkaji waliotangulia, ila desa la miaka mitano nyuma litakuletea sapu (mtihani wa marudio) bila huruma. Mwaka wa kwanza mtu akitoka kwenye A za advansi anadhani ataendelea hivyohivyo, testi ya kwanza inamrudisha kwenye mstari.

Hali ya hewa hakuna anayekwambia. Watu wa Dar mnakuja na treni ya SGR, mnashuka na vifulana, mnajua Dodoma ni joto na vumbi. Mchana wa mwezi wa kumi na wa kumi na moja kweli ni joto kavu, midomo inapasuka, beba mafuta. Lakini mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi yenye upepo, na upepo wa pale kilimani sio wa kawaida, nilishaona godoro la mtu lililoanikwa linaondoka zake. Beba koti. Beba na ndoo mbili zenye mfuniko, maji Dodoma ni kitu cha kuwekea akiba popote utakapoishi, mvua yenyewe ni kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne basi.

Kwenda mjini ni kama kilomita nane, daladala zipo, ila kabla hujapanda uliza inafika koleji gani maana ukishushwa kwa wenzako utatembea kama mimi siku ile. Sabasaba ndo soko la mwanafunzi, nguo za mtumba, vyombo, kila kitu. Zabibu msimu wake ukifika zinauzwa barabarani bei ya karanga. Na ukipita vijijini nyuma ya chuo salimia watu, "mbukwenyi", salamu ya Wagogo, inatosha, niliwahi kupewa mlenda na ugali wa uwele na bibi mmoja sijawahi kumwona kisa nimesema mbukwenyi kwa lafudhi mbovu.

Sasa geto. Mwaka wa tatu nilihama hosteli nikapanga nje na wenzangu wawili, upande wa Ng'ong'ona, tulitaka uhuru. Uhuru tuliupata, na bili yake. Dalali alituonyesha chumba usiku, kwa tochi ya simu, sisi na haraka zetu hatukujiuliza kwa nini usiku. Tukalipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali. Asubuhi tunaamka ndo tunaona dirisha la nyuma halina kioo, lina gunia limepigiliwa vizuri sana, kwa ustadi, mtu alikaa chini akafanya kazi. Luku ya umeme tuko nyumba nzima mita moja na fundi welding yuko uani. Tulimtafuta dalali mpaka tunamaliza chuo, namba haipatikani.

Kama nafasi ya hosteli ipo, kaa hosteli, angalau miaka miwili ya kwanza. Ni bei nafuu kuliko mtaani, uko karibu na lekcha ya saa moja asubuhi, na umeme hugombanii na fundi. Ukilazimika kupanga nenda mchana, fungua bomba, washa taa, hesabu vioo, waulize wapangaji luku inaliwa na nani, andikishana na mwenye nyumba mwenyewe.

Nyota? Chuo nakipa nne kati ya tano, ya tano nimeizuia kwa ajili ya ule upepo na zile kilomita. Steshenari nimeshasema. Dalali sina nyota ya kumpa, ila akisoma hii, lile gunia tulilibadilisha kwa hela yetu, kioo elfu kumi na mbili na fundi elfu tatu, anadaiwa kumi na tano.