Kirefusho cha hitchi kwa pikapu yenye kempa: bomba moja au mawili?

Kempa (chumba cha kulala safarini) iliyopandishwa juu ya pikapu ikivuka bampa, tufe la hitchi, yaani kifaa cha nyuma ya gari cha kuvutia trela, linabaki chini ya sakafu yake na trela haifikii. Ndiyo maana kuna virefusho: bomba la chuma la mraba linachomekwa kwenye tundu la hitchi ili tufe lisogee nyuma. Aina ni mbili. Moja ni bomba moja lenye pini moja. Nyingine ni mabomba mawili, la juu na la chini, yaliyounganishwa kwa vyuma vya mshazari. Maarufu zaidi ni SuperTruss ya kampuni ya Torklift ya Marekani, inayoingia kwenye hitchi yao ya SuperHitch yenye matundu mawili.

Bomba moja si takataka. Kama umepungukiwa sentimita 30 hivi na trela ni ya boti ndogo au pikipiki, litafanya kazi. Zaidi ya hapo, liache dukani. Watengenezaji wengi wenyewe wanaagiza upunguze uwezo wa hitchi kwa nusu mara unapolichomeka, kwa hiyo hitchi ya kilo 4,500 inageuka ya kilo 2,250. Agizo hilo limebandikwa kwenye chuma chenyewe, na mara nyingi ndilo la kwanza kufunikwa na matope.

Tatizo ni wenzo. Shingo ya trela, yaani mkono wake wa mbele unaokaa juu ya tufe, ikikandamiza kwa kilo 250, sentimita 25 nyuma ya pini, mdomo wa tundu unabeba mkunjo wa kiasi fulani. Sogeza uzito uleule hadi mita 1.25 na mkunjo unakuwa mara tano, tena gari likiwa limesimama. Ukipita kwenye tuta, mkunjo unaongezeka zaidi. Kwa bomba moja, mkunjo wote huo unaishia mahali pamoja, na nyufa za weldi huanzia hapohapo. Kwa mabomba mawili, la juu linavutwa na la chini linasukumwa, hivyo mzigo unagawanyika vizuri zaidi. Marefu ya aina hii hufungwa pia minyororo ya pembeni ya kuzuia kuyumba. Kwa trela ya kilo 2,000 na kuendelea, sioni sababu ya kubishana.

Kasoro zake zipo. SuperTruss haiingii kwenye hitchi ya kiwandani yenye tundu moja, kwa hiyo unanunua na hitchi yenyewe. Ni nzito, kuitoa peke yako ni kazi. Na kirefusho chochote kirefu hukwaruza chini unapopanda mwinuko wa ghafla.

Pima kabla ya kununua: kuanzia katikati ya tundu la pini hadi sehemu ya kempa inayotokeza nyuma kabisa, ngazi na tairi la akiba zikiwemo. Ongeza nafasi ya jeki ya trela, maana ukikata kona kali ndiyo inayogonga ukuta wa kempa kwanza. Jaribu kona hiyo polepole uwanjani, mtu akiangalia nyuma. Lakini usijiongezee urefu kwa ajili ya raha. Kila sentimita unayoizidisha inalipwa na chuma na ekseli.

Ekseli ya nyuma ndiyo husahaulika, na kempa imeshakula sehemu kubwa ya uwezo wake. Chukua gari lenye mita 4 kati ya ekseli, tufe likiwa mita 2.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 250 za shingo zinaongeza kilo 400 nyuma na kuondoa kilo 150 mbele, kwenye matairi ya usukani. Pita mizani trela ikiwa imefungwa na tangi la maji limejaa, ulinganishe na kibao cha mlangoni kwa dereva. Usijaribu kudanganya kwa kurudisha mizigo nyuma ya trela: shingo inatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Ikipungua trela inayumba, na kirefusho kinaipa nguvu zaidi ya kupeperusha mkia wa gari. Vyuma vya kusawazisha uzito, vinavyogawa mzigo wa shingo kwenye ekseli zote, navyo vinakatazwa kwenye virefusho vingi, soma maelekezo kwanza.

Waya wa taa utahitaji kurefushwa, hilo ni dogo. La hatari ni minyororo ya usalama. Ikifungwa kwenye kirefusho tu, pini ikichomoka kirefusho kinaondoka na trela na minyororo yake. Irefushe hadi kwenye hitchi ya gari, ikipishana chini ya shingo. Kebo ya breki ya dharura ifungwe kwenye chasisi; ikifungwa kwenye kirefusho na pini ichomoke, haitavutika, na breki za trela hazitashika.

Baada ya safari, chomoa pini na utazame matundu yake. Pini za kawaida za hitchi ya inchi 2 zina unene wa inchi 5/8, karibu milimita 16. Tundu likianza kuwa yai, bomba linalegalega. Kibanio cha bolti yenye umbo la U kitapunguza kelele, ila hakirudishi chuma kilichokwisha kulika. Nati ya tufe lenye shina la inchi 1 hukazwa karibu Nm 340, kwa spana ya kupimia mkazo. Kirefusho kilichochomelewa gereji kwa bomba la geti usikifunge hata kwa trela tupu.