TAHADHARI: Mtu anayezunguka Katuba na Kenya (komuni za Lubumbashi) "kutambua" medali za wazee wetu

Wandugu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi, kama nyumbani kwenu kuna medali ya nkambo (babu) aliyekuwa askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Kongo ya Wabelgiji, soma hii kabla hujamkaribisha mtu ndani.

Tumetapeliwa. Pesa iliyoondoka ni dola 110. Hiyo tutaitafuta tena. Medali ya nkambo ndiyo imenikosesha usingizi, maana haipo tena, na tuliyorudishiwa si yake.

Mtu huyo alifika kwa shangazi yangu Katuba mwezi uliopita, amevaa vizuri, faili mkononi. Simtaji jina kwa sababu alitupa majina mawili tofauti. Kwenye faili alikuwa na picha za medali nyingi na picha moja ambayo wengi wenu mnaijua: Mfalme Philippe wa Ubelgiji akimvalisha nishani Koplo Albert Kunyuku, askari mkongwe wa Force Publique, kule Kinshasa, Juni 2022. Ni picha ya kweli, ya siku ya heshima kubwa. Yeye aliigeuza kuwa chambo. Akamwambia shangazi: "Mama, hizi medayi ziko na makuta (pesa) mingi. Beleji iko inalipa familia, lakini kwanza lazima zitambuliwe." Dola 30 za kutambua, 80 za cheti na fremu. Na medali lazima aondoke nayo.

Shangazi alifungua pindo la kitenge chake cha zamani, mahali alipoifunga tangu msiba wa baba yake, akampa. Tafadhali msimseme shangazi. Alikuwa anangoja miaka yote hiyo mtu wa kumwambia baba yake alifanya nini katika Vita Kuu ya Pili.

Baada ya wiki mbili jamaa alirudi na fremu ya kioo inayong'aa. Ndani kulikuwa na medali tatu badala ya moja, na cheti chenye mihuri kinachosema nkambo alikuwa "Kapteni" aliyeongoza mapigano Burma, kule Asia. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilifika Jumapili, nikapewa fremu nishike, nikaitazama pete ya juu ya ile medali ya duara.

Pete ya medali ya nkambo ilikatika zamani, na yeye mwenyewe aliifunga kwa waya wa shaba. Alikuwa ametoka jeshini, yuko kazini Union Minière, kampuni ya migodi, na waya ule aliuzungusha mara tatu kisha akauminya kwa koleo. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunaugusa kwa kidole, kwa sababu ncha yake ilikuwa inachoma kidogo. Medali ya kwenye fremu ina pete nzima, mviringo safi, haijawahi kukatika.

Nikaifungua fremu. Herufi za pembeni ni butu kama sabuni iliyotumika, na ndani yake kuna vishimo vidogo vidogo. Medali ya kweli hugongwa kwa chapa, herufi zake zinasimama. Ya kumimina kwenye kalibu inatoka hivyo, laini na yenye vishimo. Nikachomoa uzi mmoja wa utepe, nikauwasha kiberiti. Uliyeyuka ukawa kidonge kigumu cheusi. Huo ni uzi wa plastiki. Tepe za wakati ule zilikuwa za hariri au pamba, na hizo zinaungua zikabaki majivu. (Usijaribu hivi kwa utepe wa zamani ulio nao. Mimi nilijua tayari kwamba huu si wetu.)

Sasa hizo medali mbili za nyongeza. Zote ni nyota zenye ncha sita, katikati taji na herufi za Mfalme George VI. Huyo ni mfalme wa Uingereza! Wakati wa vita ile mfalme wa Wabelgiji alikuwa Leopold III. Moja ina maandishi ya Kiingereza yanayotaja Burma, na utepe wa bluu iliyokolea, nyekundu katikati, na mistari myembamba ya rangi ya chungwa. Ni nyota ya vita ya Waingereza. Nakala zake zinauzwa kwenye intaneti kwa bei ndogo, na utepe wake unauzwa kwa mita kama lastiki ya sketi. Jamaa alijua kwetu tunasoma Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza hatukisomi.

Na cheti? Kabla ya uhuru wa 1960 hakukuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa afisa katika Force Publique. Wazee wetu waliishia sajenti, na mwishoni kabisa wachache wakafika ajida, cheo kilicho juu ya sajenti. Mtu akikuandikia "Kapteni" au "Meja" kwa nkambo wa 1941, anakudanganya. Tena Kongo haikupeleka kikosi cha kupigana Burma. Ilipeleka hospitali ya vitani, wauguzi na wabeba machela, na Koplo Kunyuku alikuwa miongoni mwa waliokwenda huko. Yaani picha ile ile aliyotutegea ndiyo inamwumbua.

Ukweli wa nkambo wetu ulikuwa kwenye livreti yake ya kijeshi, kitabu kidogo cha utumishi wake, iliyokaa chini ya sanduku la nguo bila mtu kuifungua. Kuna namba yake ya jeshi, kuna batayo (batalioni) yake, kuna mstari mmoja wa wino uliofifia: Abisinia (ndiyo Ethiopia), 1941. Shangazi alipousikia alinyamaza, kisha akasema, "Saio. Alikuwa anasema Saio, na mvua." Ndipo nilipokaa chini. Saio ni mji wa Ethiopia ambako tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri mbele ya Jenerali Gilliaert wa Force Publique. Kabla ya hapo walikuwa wamechukua Asosa na Gambela. Nkambo alikuwa huko! Hakuhitaji Burma ya kukopa.

Kwa hiyo mtu akikuambia atasoma jina la nkambo wako kutoka kwenye medali, mjue hapo hapo kuwa ni tapeli. Medali nyingi za vita ile, za Wabelgiji na za Waingereza, zilitolewa bila jina. Mwenye medali hajulikani kwa chuma, anajulikana kwa karatasi: livreti, breve (hati ya kupewa medali), barua ya kumaliza kazi. Tafuteni karatasi kwanza. Utepe ukiwa umepauka, tazama upande wa nyuma, rangi huwa imebaki. Piga picha mbele, nyuma na ukingoni, rula ikiwa pembeni. Usiisugue kwa limao wala majivu. Kisha andika mwenyewe. Majalada ya zamani ya koloni yako Bruseli, na pale pale kuna Jumba la Makumbusho la Jeshi. Swali linakwenda kwa barua pepe pamoja na picha na namba ya jeshi. Medali yenyewe inabaki nyumbani.

Tumeshapeleka malalamiko polisi. Namba ya simu aliyotumia kupokea pesa haipatikani tena. Jirani mmoja wa komuni ya Kenya ameniambia mtu mwenye faili kama lile alipita kwao pia, na mama mwingine alimpa medali mbili, bado anangoja fremu. Kama na wewe unangoja, usingoje kimya, niandikie.

Na ninyi mnaouza vitu vya zamani sokoni: ya kwetu ni ya shaba nyeusi, ya duara, haina pete ya kawaida. Juu ina waya mwekundu wa shaba uliozungushwa mara tatu, ncha moja imetokeza. Kama umeinunua hukujua, hatuna ugomvi na wewe. Sema ulilipa kiasi gani, tutakurudishia.