Krimu za alantoini Mombasa: kagua chembe kabla ya kulipa

Lalamiko la wanunuzi ni moja: krimu ya kutuliza mwasho imenunuliwa ghali, na baada ya wiki chache ukiipaka inakwaruza kana kwamba ina mchanga. Haijaoza. Ni alantoini yenyewe, kile kiambato cha kutuliza ngozi, iliyoganda ikawa fuwele, yaani chembe ngumu kama za sukari.

Kanuni za Marekani za bidhaa za kulinda ngozi zinataka alantoini iwe asilimia 0.5 hadi 2. Maji ya joto la kawaida huyeyusha takriban asilimia 0.5 tu, kwa hiyo inayozidi inaweza kubaki kama fuwele ndogo; yakipata moto, huyeyusha zaidi. Sasa krimu ikishinda kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la kaskazi, fuwele ndogo huyeyuka. Usiku ikipoa, au ukiiingiza chumba chenye eisii, zinarudi zikiwa kubwa zaidi. Si sumu, lakini kwenye vipele vya joto au kidevu kilichotoka kunyolewa zinakwangua palepale ulipotaka patulie, na alantoini haienei sawasawa.

Omba testa, ile krimu ya kujaribia dukani. Chukua kiasi cha punje ya kunde, paka nyuma ya kiganja, sugua kwa kidole sekunde 10 hivi. Chembe zikiyeyuka kwa joto la mwili, hayo ni mafuta yaliyoganda, kama ya shea. Zikibaki ngumu kama sukari, irudishe. Kuichovya kwenye maji moto nyumbani hakusaidii: zitayeyuka, zitaganda tena, na krimu yenyewe inaweza kujitenga maji na mafuta.

Namba moja, bila kusita, ni COSRX Advanced Snail 96 Mucin Power Essence. Ni majimaji ya ute wa konokono yenye alantoini na panthenoli (kiambato cha kulainisha ngozi), hayana manukato, na chupa ya mililita 100 ina pampu, kwa hiyo vidole havigusi kinachobaki ndani. Hakuna mafuta mazito ya kuficha chembe. Tone moja kiganjani linasema kila kitu. Kwa unyevu wa pwani hii wengi haitawalazimu kuongeza krimu juu yake. Paka uso ukiwa bado na majimaji.

Usiyetaka kitu cha konokono, chukua krimu ya tyubu isiyo na manukato, hasa inayoandika asilimia ya alantoini waziwazi. Ya kopo inafuata, na nunua kopo dogo.

Losheni kubwa za bei ya chini zilizojaa manukato ziache. Harufu hiyo ndiyo huwasha ngozi iliyokwisha kuwaka. Ila usiihukumu bidhaa kwa sababu tu neno Allantoin liko mwishoni mwa orodha: viambato vilivyo chini ya asilimia 1 huandikwa kwa mpangilio wowote.

Kinachoudhi ni bei ya neno “asili”. Alantoini imo kwenye mmea wa komfrei, lakini inayotiwa kwenye krimu kwa kawaida hutengenezwa kiwandani kwa yurea na asidi ya gliyoksili, na molekuli ni ileile. Kulipa zaidi kwa jani lililochorwa kwenye boksi ni kuibiwa mchana. Na komfrei mbichi usiipake kwenye kidonda: ina alkaloidi, kemikali za mmea zinazodhuru ini.

Halafu kuna wauzaji wanaopanga krimu dirishani zipendeze, kisha wanakataa kufungua testa na kukwambia bidhaa ikitoka dukani hairudi. Mwambie akupe boksi la rafu ya ndani, lisiloona jua. Akikataa, duka la pili lipo hatua chache mbele.